Walitengeneza mdomo wa mfereji, mkia ukakauka

Saa nane za usiku, mwezi wa pili, niko kwa geti la mwisho la mfereji wetu na tochi ya simu na jembe, na mwenzangu wa shamba la pembeni amekaa juu ya tuta na mtoto mgongoni. Zamu yetu ilikuwa ianze saa nne. Tunasikiliza tu. Maji yakiingia kwenye mfereji mkavu unayasikia kabla hujayaona, yanasukuma majani na mchanga mbele yake, yana sauti kama mtu anaburuta kavera, mfuko wa plastiki, chini. Hiyo usiku hayakuja. Saa kumi na moja nikaamua kupanda, nikafuata mfereji kwa miguu kama dakika 40 hivi, na njiani nikakuta mageti matatu yako wazi kabisa, shamba limejaa mpaka maji yanamwagika barabarani, na hakuna mtu hata mmoja, wenyewe wamelala. Nikafunga mageti, nikarudi chini. Mama mwenye mtoto alikuwa ameshaenda nyumbani.

Hapa kwetu ni Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa chini, kule joto linapiga na mbuga iko karibu. Mtu akiangalia Rwenzori kutoka barabarani anaona milima imefunikwa na mawingu, mito inashuka, anasema hawa watu shida ya maji wanaitoa wapi? Lakini sisi wa tambarare mvua yetu ni kidogo, inakuja mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu inarudi kuanzia mwezi wa nane au wa tisa, na katikati hapo usipokuwa na mfereji shamba lako ni vumbi. Mimi nalima vitunguu na mahindi, ekari moja na nusu, niko mkiani kabisa, na miaka mitatu sasa niko katibu wa kamati ya maji. Mfereji wetu sitautaja jina, na waliotujengea pia sitawataja, maana sitaki maneno na mtu, nataka tu tuongee hii kitu vizuri.

Zamani, wakati baba yangu bado ana nguvu, mdomo wa mfereji pale mtoni ulikuwa wa mawe, magogo, migomba iliyokatwa na matope. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto unabeba kila kitu. Basi asubuhi filimbi inalia, kila nyumba inatoa mtu mmoja, mnapanda na mapanga na majembe, mnaingia kwenye maji ya baridi yale mpaka kiunoni, mnapanga mawe upya. Nilienda mara nyingi nikiwa kijana na nilikuwa nachukia sana. Mwaka mmoja tulienda mara sita.

Sasa sikiliza hapa. Wenye mashamba ya juu, karibu na mdomo, walikuwa wachache. Sisi wa chini tulikuwa wengi. Bila mikono yetu wao pia hawana maji, kwa hiyo hakuna mtu wa juu aliyethubutu kutunyima zamu, alikuwa anajua kabisa mwezi ujao mto utabeba mawe na filimbi italia, na wa chini wakikaa nyumbani wote tunakauka. Hakuna mtu aliyeandika hiyo sheria. Ilikuwa ndani ya kazi yenyewe.

Halafu mradi ukaja. Na mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi, nisidanganye mtu. Walikuja mainjinia wakapima, wakatuita kwa mkutano chini ya mti, wakauliza shida yetu ni nini na sisi wote kwa sauti moja tukasema ni mdomo, unabomoka kila mvua, tusaidieni na simenti. Wakatusaidia. Wakajenga ukuta wa zege mtoni, geti la chuma la kuzungusha, na kama kilomita moja ya kwanza wakaiweka simenti ndani ili maji yasipotee ardhini. Kazi ilikuwa safi. Msimu wa kwanza maji yalikuwa mengi mpaka watu wa juu wakaongeza mashamba, wengine wakaanza mpunga pale ambapo zamani walikuwa wanalima maharage.

Msimu wa pili wa kiangazi, mkia ukakauka. Tukafikiri ni mto umepungua. Tukafikiri kuna mahali panavuja. Ilinichukua muda mrefu, labda mwaka mzima, kuelewa kitu ambacho kilikuwa wazi mbele yangu, kwamba wa juu hawatuhitaji tena. Ukuta wa simenti haubomoki. Filimbi haijalia tangu siku ya ufunguzi. Mtu wa juu anafungua geti lake anapotaka, na ukimwendea ukamwambia ndugu yangu hii ni zamu ya chini, anakujibu kwa upole tu, ngoja nimalize. Hana ubaya. Ni kwamba hakuna tena kitu chochote anachopoteza akikuchelewesha.

Baadaye nikaja kusoma kwamba kuna mama mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, huyu ndiye mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, yeye na wenzake walichunguza mifereji mingi sana kule Nepal, wakalinganisha ile iliyojengwa na kuendeshwa na wakulima wenyewe na ile ya serikali. Ile ya wakulima ilikuwa ya mawe na magogo, ukiiona unaidharau, lakini maji yalikuwa yanafika mkiani vizuri kuliko kwenye ile ya zege. Na sababu aliyoitoa ni hii hii ya kwetu, kwamba mdomo wa kudumu unaondoa haja ya wa juu kuwategemea wa chini, na makubaliano yote ya maji yalikuwa yamesimama juu ya haja hiyo. Nilisoma hapo nikaweka simu chini. Kasese na Nepal, wapi na wapi, na bado ni mfereji ule ule.

Sisemi watu warudi kwenye magogo. Hapana, mimi sitaki kuingia tena kwenye ule mto saa kumi na mbili asubuhi na wala sitaki mwanangu aingie. Ninachosema ni kwamba kabla ya lori la simenti kufika, mtu angekaa na sisi aulize mambo madogo madogo: sasa hivi nani anamhitaji nani hapa? Tukishaondoa hii kazi ya mawe, kitu gani kitachukua nafasi yake ili wa juu awe bado na sababu ya kumwachia wa chini? Ufunguo wa geti la kwanza utakaa kwa nani? Maswali hayo hayana gharama, siku mbili za kukaa chini ya mti zinatosha. Tuliulizwa shida, hatukuulizwa jinsi tunavyoishi na hiyo shida.

Na kuna jambo lingine kuhusu hawa wa juu, lazima niliseme kwa haki. Wanajaza maji kupita kiasi kwa sababu ya woga. Mtu asipojua zamu yake inayofuata itakuja lini, akipata maji leo atamwaga yote anayoweza, kama vile mtu anayekula sahani tatu kwenye harusi kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Ratiba ikieleweka na ikiheshimiwa, mtu anachukua kidogo. Na maji mengi yenyewe yanaharibu, yanashusha mbolea chini mizizi isikofika, vitunguu vinaoza shingoni, mahindi yanakuwa ya manjano na mwenyewe anafikiri ni kiu, anaongeza maji tena.

Tanzania upande wa Iringa, kwenye skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi, wakulima walipewa kifaa kinachoitwa Chameleon, waya zinazikwa ardhini kwa vina tofauti halafu kuna kisanduku kidogo cha taa, bluu maana yake udongo umeloa, kijani unatosha, nyekundu mmea una kiu. Kitu rahisi kabisa, mtu ambaye hajasoma anakielewa kwa dakika mbili. Wakagundua kwamba walikuwa wanamwagilia wakati chini bado ni bluu. Wakaanza kuruka zamu wenyewe bila kulazimishwa, maji yakabaki ya kutosha kwenda chini, na ugomvi ukapungua. Mimi hiyo ndiyo naita teknolojia, imempa mkulima macho ya kuona chini ya udongo wake, uamuzi ukabaki kwake.

Sisi hatuna Chameleon. Tunachimba na jembe mpaka kina cha mkono, tunafinya udongo, ukishikana kama mkate wa ugali bado, ukimwagika kama unga basi fungua. Inasaidia zaidi ya unavyofikiri.

Kuhusu pampu za sola nitasema kidogo maana ndizo kila mtu anazungumzia sasa. Kijiji cha jirani walipata moja kubwa, tenki juu ya mnara, paipu za matone zimelazwa vizuri kwenye mistari, picha zilikuwa nzuri sana. Misimu miwili. Kikaungua kile kisanduku kinachoongoza pampu, spea iko Kampala, fundi anataka nauli na malazi kabla hata hajaangalia, na kwenye akaunti ya kikundi kulikuwa na pesa za viingilio tu, hakuna aliyekuwa amelipa hata shilingi ya msimu kwa sababu waliambiwa maji ya jua ni ya bure. Jua ni bure kweli. Kisanduku si bure. Na matundu ya matone yenyewe mengi yalikuwa yameshaziba kabla ya hapo, maji ya mto yana matope na chujio lilikuwa halisafishwi, hakuna aliyeonyeshwa jinsi ya kulifungua.

Piga hesabu na mimi. Shamba kwenye joto la huku linaweza kunywa milimita 5 kwa siku. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo ekari moja inataka lita 20,000 kila siku, yaani jerikeni 1,000 zile za lita 20. Mtu akikuletea tenki la lita 10,000 akasema litahudumia kikundi cha ekari kumi, wewe fanya hesabu hiyo mbele yake kwa heshima na umwombe akujibu. Ningependa kila kamati ya maji Uganda nzima ijue hii hesabu kwa kichwa.

Serikali yetu ina mpango mkubwa, na mimi naupenda, sera ya umwagiliaji ilitoka 2017 na lengo ni kufikia hekta milioni 1.5 ifikapo 2040. Sasa hivi tunaomwagilia bado ni wachache mno ukilinganisha na ardhi na maji tuliyo nayo. Skimu mpya zimejengwa, Doho II kule Butaleja, Ngenge kule Kween, Tochi kule Oyam, Wadelai kule West Nile, na hapa kwetu Mubuku II, karibu na ile Mubuku ya zamani ya miaka ya 1960 ambayo mpaka leo inapata maji ya mito ya Mubuku na Sebwe kwa mteremko tu bila pampu yoyote. Halafu kuna ule mpango wa umwagiliaji mdogo, mkulima anachangia sehemu ya bei na serikali inaweka iliyobaki, kikomo ni ekari 2 na nusu. Ule wa kuchangia nauunga mkono kabisa, mtu aliyetoa pesa yake mwenyewe hawezi kuacha chujio lizibe. Shida yangu ni kwamba mpango wenyewe unataka pesa taslimu na uthibitisho wa haki yako juu ya ardhi, na yule mama niliyekaa naye kwenye tuta ile usiku hana moja wala nyingine, shamba ni la mume, mume yuko Bwera kwa biashara ya mpakani, anayepalilia ni yeye, anayekesha getini ni yeye, na kwenye daftari la wanachama jina ni la mwanaume. Hata kura ya kuchagua kamati hakupiga. Nilipokuwa katibu kitu cha kwanza nilichopigania kilikuwa hicho, anayeshika jembe la maji aandikwe yeye. Tulibishana miezi minne. Wazee wengine bado hawanisalimii vizuri.

Halafu mto wenyewe. Watu wengi huku wanaamini maji yetu ni theluji ya mlimani, na theluji inaisha kweli, barafu ya Rwenzori mwaka 1906 ilikuwa karibu kilomita za mraba 6.5 na sasa haifiki hata moja. Lakini maji yanayotoka kwenye barafu ni sehemu ndogo sana ya mto. Mto ni mvua, na msitu, na yale mabwawa ya majani ya kule juu yanayonyonya mvua kama sponji na kuiachia polepole. Kwa hiyo anayekata miti kwenye mteremko anakata mfereji wetu, na hajui, na hakuna mtu wa mradi aliyewahi kupanda kuongea naye kwa sababu kwenye ramani ya mradi mlima haupo, ramani inaanzia kwenye ukuta wa zege. Mwaka 2020 mwezi wa tano mto Nyamwamba wa hapa Kasese ulishuka na mawe makubwa kama nyumba, ukaharibu mpaka hospitali ya Kilembe. Doho wao wanapigana na matope ya mto Manafwa yanayotoka Elgon, kila mwaka kuchimbua mifereji. Na Kenya kule Hola, mwaka 1989 mto Tana ulihama tu, ukaacha mdomo wa skimu mkavu, na skimu nzima ikalala miaka mingi. Huwezi kujenga mdomo ukasahau mto.

Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo yao, yaani mifereji yao ya asili, karne nyingi kabla ya injinia yeyote, kila mfongo una watu wake, na siku ya kazi usipoenda unalipa faini, ndogo lakini ya mbele za watu. Mimi nikifikiria tutengeneze nini badala ya yale mawe yetu ya zamani, nafikiria hapo.

Basi hiki ndicho tulichofanya, na kinaenda kwa kuchechemea lakini kinaenda. Ufunguo wa geti la chuma la mdomoni sasa unakaa kwa mtu wa mkiani, anabadilishwa kila msimu, na lazima awe wa mashamba kumi ya mwisho. Wa juu walikataa kabisa mwanzoni. Kilichowageuza ni matope, kwa sababu ule mfereji wa simenti kilomita moja umeanza kujaa mchanga, na mchanga ule hauondoki bila mikono mingi, na mikono mingi iko chini. Tukawaambia tutakuja, nyumba zote, kama zamani, lakini ufunguo uje chini. Walikaa wiki mbili wakijadiliana. Wakakubali.

Kitu cha pili, wakati wa kiangazi zamu inaanza mkiani na kupanda juu. Maji yanapita mbele ya shamba lako kwenda kwa mwenzako wa mwisho kwanza, halafu yanarudi kwako. Hapo tunapoteza kidogo njiani maana mfereji wa chini ni udongo, nakubali, mtu wa hesabu anaweza kutukosoa. Lakini wa juu anakuwa na haraka ya wa chini amalize, anakuja mwenyewe kuangalia kama kuna mahali panavuja, anaziba. Sijawahi kuona hiyo zamani. Na ada ni kwa ekari kwa msimu, inaandikwa kwenye daftari linalosomwa kwa sauti kila mkutano, jina na kiasi, aliyelipa na ambaye bado, na mimi pia jina langu linasomwa.

Mwaka jana kulikuwa na vijana watatu kwenye lile korongo la katikati waliovunja geti usiku, tukawapiga faini, mmoja alikuwa mtoto wa chemani. Alilipa. Nilikuwa naogopa sana hiyo siku kuliko mafuriko.

Wiki ijayo kuna wageni wanakuja, wanataka kuona mfereji kwa ajili ya awamu nyingine, wamesema watafika saa nne na wataanzia mdomoni kwa sababu gari linafika pale. Nimewapigia simu nikawaomba wavae gambuti na tuanzie huku kwetu, tupande pamoja kwa miguu mpaka mtoni, ni saa moja hivi ukienda polepole. Yule mama mwenye mtoto nimemwomba asimame kwa geti lake aongee yeye. Ameuliza aseme nini. Nimemwambia aseme zamu yake ni saa ngapi na maji yalifika saa ngapi.